Nipunguze gramu au nipunguze bei? Jibu kwa muuza korosho wa Masasi

Swali: "Nanunua korosho zilizobanguliwa kwa vikundi vya akina mama, nazikaanga na kuzifunga pakiti za gramu 250 zenye jina langu, nauza 8,000. Novemba na Desemba pakiti zinaisha zote. Kuanzia Februari zinalala dukani mpaka wenye maduka wananirudishia. Sasa kuna mwenzangu ametoa pakiti ya rangi kama ya kwangu. Imeandikwa gramu 250, ukipima ni 200, tena nyingi vipande, anauza 7,000. Watu wanahamia kwake. Na mimi nipunguze gramu, nishushe bei, au nibadilishe pakiti?"

Dada yetu, gramu usipunguze, na bei usiiguse kwanza. Hapo kuna mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake. La kwanza, mnunuzi wa Desemba siye mnunuzi wa Februari, nawe unawapelekea wote pakiti ileile. La pili, pakiti yako haijampa mteja sababu ya kukutofautisha na mwenzako, ndiyo maana akisimama mbele ya rafu anabaki kulinganisha bei tu.

Tuanze na hiyo bei. Pakiti yako ni 8,000 kwa gramu 250, yaani 3,200 kwa kila gramu 100. Ya mwenzako ni 7,000 kwa gramu 200, yaani 3,500 kwa gramu 100. Wewe ndiye mwenye bei nafuu, na bado yeye anauza vipande ambavyo hata kwa mbanguaji vina bei ya chini kuliko korosho nzima. Mteja anaondoka akiamini ameokoa elfu moja, kumbe amelipa zaidi kwa mzigo hafifu. Halioni hilo kwa sababu mkono haupimi: tofauti ya gramu 50 kwenye pakiti iliyojaa hewa haihisiki, lakini tofauti ya noti inaonekana palepale. Ukifuata njia yake mtalingana kwa uzito, kisha atashusha tena. Hakuna mwisho wa mashindano hayo, na gramu 250 zilizoandikwa kwenye pakiti zenye 200 ndani ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo. Wakala wa Vipimo akipita Masasi akapima pakiti kumi za dukani, jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni lile lililochapwa kwenye lebo.

Cha kufanya ni kumwonyesha mteja uzito. Kwenye maduka mawili matatu yanayouza sana, weka mizani ndogo iliyohakikiwa na kubandikwa stika ya Wakala, na kikaratasi kwenye ukingo wa rafu chenye maneno machache: "Gramu 250 kamili. Pima mwenyewe. Sh 3,200 kwa gramu 100." Usimtaje mwenzako wala usiweke pakiti yake pembeni. Wateja wataipima wenyewe, na habari ya mizani husambaa haraka katika mji ambao kila mtu amewahi kuuza korosho kwenye ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na anajua uchungu wa kupunjwa kilo.

Ila uzito wako nao uwe sahihi kweli. Kosa la kawaida ni kupima korosho kabla ya kukaanga. Korosho hupoteza maji kwenye moto, kwa hiyo gramu 250 mbichi haziwi 250 tena. Pima baada ya kukaanga na kupoa kabisa, toa uzito wa mfuko mtupu, na lenga gramu 253 badala ya 250 ili mkono ukiteleza usishuke chini ya kilichoandikwa. Kila toleo, yaani pakiti zote ulizokaanga na kufunga pamoja, chukua pakiti kumi bila kuchagua, zipime tena baada ya kuzibwa, andika. Wastani ukishuka chini ya 250, fungua toleo lote.

Sasa misimu, maana hapo ndipo fedha yako inapopotelea.

Nani hasa ananunua korosho za pakiti Masasi mwezi wa Novemba? Si mkulima, yeye anazo nyumbani. Ni mtumishi anayerudi kwao kwa likizo, dereva wa lori la korosho ghafi, mtu wa benki, mgeni aliyekuja kwa mnada, kijana anayepanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam na hataki kufika mikono mitupu. Anachotafuta ni zawadi, na zawadi huchaguliwa kwa sura ya pakiti na ukubwa wa korosho. Mkulima naye huingia sokoni kwa njia nyingine: akishalipwa, anasherehekea, anaalika, anasafirisha watoto. Fedha hiyo haiji siku korosho zinapodondoka. Inakuja baada ya mnada, pale malipo yanapoingia benki. Novemba 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, malipo yalisubiri uhakiki wa wakulima, hivyo ghala lilikuwa limejaa na mfuko ukiwa mtupu. Kwa hiyo usipange mzigo kwa kutazama mikorosho. Fuatilia tarehe za minada ya chama kikuu cha ushirika cha eneo lako na uliza AMCOS malipo ya mnada uliopita yameingia lini. Wiki malipo yanapoingia ndiyo wiki ya kujaza maduka.

Januari ada na sare za shule hula kilichobaki. Februari hadi Aprili watu wako kwenye palizi, chakula cha ndani kinapungua, mvua zinanyesha, na 8,000 kwa kitafunwa ni fedha nyingi. Pakiti ya gramu 250 haijakosa ladha miezi hiyo, imekosa mtu mwenye 8,000 ya kitafunwa. Fedha inarudi kwa mawimbi: ufuta Juni na Julai, hasa upande wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, mbaazi Agosti na Septemba, kisha korosho tena. Likizo za Juni na Desemba zina sherehe za jando na unyago na harusi, na hapo watu hununua kwa wingi wa watu wanaoalikwa, si kwa urembo wa kifungashio.

Kwa hiyo saizi moja iwe tatu, kila moja na mtu wake.

Ya gramu 50 ni ya stendi, vibanda vya bodaboda na dirisha la basi, miezi yote, na zaidi miezi ya ukame wa fedha. Bei yake iingie kwenye noti moja, tuseme 2,000. Kwa gramu 100 hiyo ni 4,000, juu kuliko pakiti kubwa, na si dhambi: mfuko, lebo na kazi ya kuziba haipungui kwa sababu pakiti ni ndogo. Uaminifu hapo ni kuandika gramu 50 wazi, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyekaa kwenye basi.

Ya gramu 250 ibaki kama ilivyo, korosho nzima tu. Novemba hadi Januari ongeza boksi la zawadi la pakiti mbili, lenye namba ya simu na jina la Masasi, kwa sababu litafunguliwa Dar es Salaam au Dodoma mbele ya watu wasiokujua. Bei ya Desemba isipande kwa sababu ya sikukuu. Wala usiandike "ilikuwa 10,000 sasa 8,000" kama hujawahi kuiuza 10,000. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mteja wa kudumu anaikumbuka bei ya Oktoba vizuri kuliko unavyodhani.

Ya tatu ni ya vipande, na hii ndiyo itakayokuokoa Februari. Kwa sasa vipande vyako vinakwenda wapi? Kama unavichanganya chini ya pakiti, acha leo. Vitenge, vifunge vikiwa havijakaangwa wala kutiwa chumvi, andika kwa herufi kubwa KOROSHO VIPANDE, ZA KUPIKIA, na uuze kwa bei ya vipande, tuseme 5,500 kwa gramu 250. Mama anayetia korosho kwenye mchuzi, anayesaga kwa ajili ya tui au anayepika kashata hana haja ya korosho nzima, atazivunja mwenyewe. Uaminifu hapo haukutoi hela, unakufungulia soko ambalo mwenzako hawezi kuingia, kwa sababu vipande vyake ameshavificha ndani ya pakiti yenye picha ya korosho nzima.

Wakati mkubwa wa mnunuzi huyo ni Ramadhani, na hapa wafanyabiashara wengi hukosea hesabu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 ikaangukia baada ya katikati ya Februari, ya 2027 inatarajiwa wiki ya pili ya Februari kutegemea mwezi kuandama. Ukilinganisha Machi na Machi utaona mauzo yameporomoka na kuilaumu pakiti, kumbe futari imehama. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, Idi na Idi. Na tazama mbele: kufikia 2028 Ramadhani itakuwa inaanza mwisho wa Januari, na mwaka 2030 itaangukia mwanzo wa Januari, kisha ije tena mwisho wa Desemba. Yaani kwa miaka kadhaa mwezi wa kupika sana utakutana na fedha ya korosho. Anayetaka jina lake liwe jikoni wakati huo aanze kulijenga sasa.

Ili uwe na mzigo Februari hadi Mei, lazima ununue wakati wabanguaji wanazo na uhifadhi bila kuharibu. Adui ni hewa, mwanga, joto na unyevu, na Mtwara unavyo vyote vinne wakati wa masika. Hifadhi korosho zikiwa zimebanguliwa na kumenywa lakini hazijakaangwa, unyevu usiozidi asilimia 5, ndani ya mifuko iliyofyonzwa hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na dagaa au vitunguu kwa sababu mafuta ya korosho hunyonya harufu. Zikitunzwa hivyo mahali penye ubaridi hukaa miezi mingi. Zikishakaangwa na kufungwa kwenye nailoni ya kawaida, wiki chache tu hulainika na kuanza harufu ya mafuta ya zamani. Tunashuku hicho ndicho kilichowatokea wateja wako: pakiti iliyokaangwa Desemba, ikakaa dirishani inapigwa na jua, ikanunuliwa Februari. Mteja wa namna hiyo harudi kulalamika, anahamia kwa mwenzako tu.

Kaanga kila wiki kwa kiasi cha wiki. Ovena ya nyuzi 150 kwa dakika 15 hadi 20, geuza kila baada ya dakika tano, toa zikiwa na rangi ya krimu inayoelekea dhahabu kwa sababu zinaendelea kuiva kwenye trei. Chumvi gramu 10 hadi 15 kwa kilo inatosha. Kama unakaanga kwa mafuta, mafuta yaliyorudiwa rudiwa ndiyo yanayozipa harufu mapema. Usifunge zikiwa na uvuguvugu. Mvuke utaganda ndani ya mfuko na zitalainika kabla hazijafika Ndanda. Mfuko uwe wa foili. Ule wa karatasi ya kaki unapendeza, lakini usio na utando wa ndani hupitisha hewa na mafuta. Ukipenda dirisha la kuonyesha korosho, liwe dogo na upande wa chini, maana mwanga unaingia hapohapo.

Dukani peleka pakiti chache, tuseme 12, urudi kila wiki mbili. Za zamani zivute mbele. Iliyofikisha wiki sita irudi kwako na isiuzwe tena. Kubadilisha tarehe kwenye pakiti iliyorudishwa ni njia fupi ya kuua jina, kwa sababu mteja hujua kwa kutafuna. Ndiyo maana kila pakiti iwe na namba ya toleo: likipatikana lalamiko unalivuta toleo hilo tu, huhitaji kukusanya mzigo wote wa mkoa.

Ubora uanze unaponunua. Kwenye biashara ya korosho, daraja kama W240 au W320 ni idadi ya korosho nzima katika ratili moja, gramu 454 hivi. W320 ni korosho 300 hadi 320, W240 ni 220 hadi 240. Pima gramu 454 kutoka kila kikundi, hesabu, tenga vipande, pima vipande peke yake. Dakika kumi tu, na unajua unalipia nini. Mteja akifungua pakiti leo akute kubwa, kesho ndogo, hataona ni bahati ya mavuno, ataona hueleweki. Kwenye pakiti ya gramu 250 ya W320 tegemea korosho kati ya 165 na 176, labda na chache zaidi kwa sababu ya maji yaliyopotea kwenye moto. Chagua daraja moja ulishike mwaka mzima, hata kama si kubwa kuliko yote.

Na uliza vikundi vyako korosho ghafi vinazipata wapi. Unaijua kangomba: mtu anamfuata mkulima mwenye shida kabla ya msimu, anachukua korosho kwa bakuli na kwa bei ya kutupa. Pakiti iliyoandikwa "tunamjali mkulima" halafu ndani ni mzigo wa kangomba, siku ikijulikana, na hapa kwetu hujulikana, hakuna rangi ya lebo itakayoisafisha. Mnunue kwa njia inayotambuliwa na AMCOS na Bodi ya Korosho, na mtunze karatasi. Angalia pia mikono ya wabanguaji. Mafuta ya ganda huunguza ngozi. Kikundi kisicho na glavu kinaumia, na mafuta hayohayo yakigusa korosho huacha doa jeusi na kumuwasha mlaji midomo. Ukitoa glavu au kuongeza kidogo kwenye malipo ili vikundi vinunue vyenyewe, mzigo wenye madoa utapungua. Hilo waeleze wenye hoteli na maduka makubwa. Wanaouliza swali hilo wanazidi, na wewe utakuwa na jibu la kweli.

Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na mahali pa mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kutunza, na onyo kwa wenye mzio wa korosho na karanga. Maneno ya kutibu sukari au kuongeza nguvu za kiume yaache. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, usiichape kabla ya kupewa leseni; tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS, siyo tena TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Pitia SIDO kwanza, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, na mjasiriamali mdogo anayepitia kwao hupata unafuu wa gharama na maelekezo ya chumba cha kazi. Msimbo wa pau unaoanza na 620 unatolewa na GS1 Tanzania. Supamaketi zitauhitaji, lakini hauthibitishi ubora, kwa hiyo usiutangaze hivyo.

Kuhusu mwenzako aliyeiga rangi: je, ulisajili jina la biashara BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) na kudhani umemaliza? Wengi hudhani hivyo. Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine, na inayokupa nguvu ya kumzuia mtu asiige ni alama. Hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Jina kama "Korosho Tamu" au "Korosho za Masasi" litakuwa gumu kulinda, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kusema korosho zake ni tamu au ni za Masasi. Tafuta neno lisiloelezea bidhaa, na mji uuandike chini yake kwa herufi ndogo. Mwone mwenzako kwanza ana kwa ana, ukiwa na pakiti yake na mizani. Asipoelewa, suala la gramu lipeleke Wakala wa Vipimo, na la kuiga Tume ya Ushindani.

Mabadiliko yote haya usiyafanye wiki moja, hutajua lipi limefanya kazi. Anza na mizani na saizi ya gramu 50, uendeshe wiki nne, ukiandika kila mauzo: tarehe, saizi, duka, na kama mnunuzi alisema ni zawadi, ya kula au ya kupikia. Kisha ingiza vipande wiki tatu kabla ya Ramadhani. Agosti, kama unaweza, peleka saizi zote tatu Nane Nane pale Ngongo, Lindi, uonjeshe watu na uandike wanaouliza nini kabla ya kuuliza bei. Wachapaji wa mifuko hutaka uagize maelfu kwa mara moja, kwa hiyo mpaka daftari likuonyeshe saizi zinazotembea na utafutaji wa jina BRELA uwe umekamilika, nunua mifuko ya foili isiyochapwa na ubandike stika.